Simu ya Nuhu imeingia kwenye ruta yetu

Happiness, nacheka huku nalia. SIMU YA NUHU IMEPATIKANA!

Tumeitafuta tangu tumzike kaka, sauti zote alizojirekodi zimo humo. Mama alishakata tamaa.

Leo anajifunza mambo ya mtandao. Namwambia kila simu ikijiunga na ruta inapewa namba, kama mitumbwi ya wavuvi pale mwaloni Katonga, ili kila ujumbe umfikie mwenyewe. Akasoma kwenye kioo cha simu yangu majina ya simu zilizojiunga: langu, lake, halafu NUHU.

Akarusha simu yangu kwenye bakuli la samaki, migebuka! "Yaa Latifu! Mwanangu kaingia!"

KAINGIA, Happiness!

Nikamwambia, "Mama, waifai yetu haivuki hata ua. Simu imo humu humu ndani."

Mama mbio chumba hadi chumba, kanga inaburuzika, anaita "Nuhu! Nuhu!" kama anamwita mtoto aje kula.

Chumbani kwa bibi tukasikia sauti ya Nuhu yenyewe. Bibi kajifunika shuka, simu sikioni, ndiyo kwanza kaichaji. "Ningewaambia mngeninyang'anya," anasema, wala haoni haya.

Nikajua Mama atamlipukia mama yake. Wapi! Kapanda kitandani, kajibanza ubavuni.

"Sogea, Mama. Irudishe mwanzo."