Kumuuza Mke Mwenza wa Mama

Jumatatu, 3 Machi

Leo rasmi: trekta ya Baba inauzwa. Hukumu kaitoa Mama. Wiki iliyopita Baba alirudi nayo kinyumenyume akaubomoa ukuta wa jiko, Mama akiwa ndani anaosha vyombo. Miaka yote Mama amekuwa akiiita trekta hiyo “mke mwenzangu”, kwa utani. Jana hakutania. Alimwambia Baba achague: yeye, au huyo mke mwenzake.

Baba akatafakari — muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu! — kisha akasema haya, uzeni. Ila ana sharti. Trekta yake haitoki hapa kwa kukokotwa. Mnunuzi aiwashe, aipande, atoke nayo getini. Tukakubali. Sharti gani jepesi hivyo.

Daktari wa macho alishamwambia asiendeshe hata toroli. Akampa na miwani. Baba anasema mwenye macho mabovu ni huyo daktari.

Jumanne, 4 Machi

Kaka kaja kuitambua trekta na kuipangia bei. Tunamwita Injinia. Alisoma uinjinia muhula mmoja, sasa anauza makava ya simu, lakini jina limeganda.

Akatangaza kwamba aina ya trekta inajulikana kwa rangi tu. Maskini! Baba huipaka rangi yoyote iliyobaki kwa watu. Hii kijani ni ya zahanati. Chini yake kuna bluu ya geti la shule. Chini ya bluu kuna njano, na hiyo hakuna anayeikumbuka. Injinia kakwangua hadi shati likamganda mgongoni. Hatimaye — kibati chenye namba! Tarakimu moja imeliwa na kutu. Ikiwa ni tatu, hii ni trekta adimu, kuna watu wanazikusanya. Ikiwa ni nane, ni trekta kuukuu tu. Injinia kaamua ni tatu. Sababu? Tatu ndiyo yenye hela.

Tukamuuliza Baba iliundwa lini. Akasema ni kubwa kuliko Injinia, na kwa akili vilevile. Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai.

Bei ya Injinia: sawa na gari dogo, tena lenye kiyoyozi.

Alhamisi, 6 Machi

Mnunuzi wa kwanza. Mkulima, mtu mpole, buti zina matope ya kweli. Hakutaka habari za tatu wala nane. Alisema tu, iwasheni niisikie.

Haikuwaka! Juzi juzi imebomoa ukuta, leo hata kukohoa haiwezi. Injini inazunguka, inazunguka, haishiki. Baba kasimama pembeni, mikono nyuma, sura ya msibani.

“Imezeeka, mwanangu,” alimwambia mkulima. “Kama mimi.”

Sauti ikamtetemeka kidogo. Nikamwonea huruma, mjinga mimi.

Mkulima kashusha bei hadi ya pikipiki. Kasema itengenezwe, atarudi Jumamosi.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi. Kaweka mpini wa bisibisi sikioni, ncha kwenye injini, kafumba macho. Kasema ni betri. Tukaazima betri — wapi! Kasema basi ni dizeli chafu. Tukamwaga, tukatia nyingine — wapi! Kasema ni hewa. Hewa! Akachukua ujira wake, akala kona.

Baba kaongeza chakula mara mbili.

Jumamosi, 8 Machi

Mkulima kaja, kajaribu, kaondoka. Hakugombana na mtu. Anakwenda kuangalia nyingine. Injinia sasa anakiri kwamba, ukiitazama vizuri, ni nane.

Baba anapiga mluzi bafuni.

Jumapili, 9 Machi

Nimeshika kitu!

Nilikuwa natafuta miwani ya Baba. Nilitaka aivae angalau aone chumvi anavyoimwaga nje ya sahani. Kasha lake lipo kabatini, linang'aa, nikadhani halijawahi kufunguliwa. Nikalifungua. Miwani hamna. Mna kitambaa, na ndani ya kitambaa kipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, kidogo kama ukucha wa dole gumba. Kina grisi mbichi.

Nikampigia Fundi, nikamweleza kilivyo. Akacheka hadi akakohoa. Kasema hicho hukaa ndani kabisa, ndicho kinachoshikilia gia ya pampu ya dizeli. Kikitolewa, hata muizungushe hadi mwakani haiwaki. Akaongeza kwamba alikishuku tangu mwanzo. Alikishuku! Nimemwomba afunge mdomo.

Na miwani? Nimeikuta chini ya kiti cha trekta, vioo vimejaa alama za vidole vyenye grisi. Kumbe anaivaa! Mbele yetu haihitaji, lakini akienda kuihujumu trekta yake mwenyewe anaivaa vizuri kabisa. Na Alhamisi, kwa sura ile ya msibani, karibu anitoe machozi.

Nilikaa kwenye kiti hicho nikacheka peke yangu. Mzee mwongo. Nampenda hadi ananikera.

Miwani nimeiacha palepale. Kipande nimekitia mfukoni. Aje mwenyewe aniulize. Ametuzungusha wiki nzima, na yeye azunguke kidogo.

Jumatano, 12 Machi

Naandika haraka, nimejifungia chumbani.

Injinia kaleta mtu wa chuma chakavu. Hakumwambia yeyote, kaja tu na lori na mnyororo. Huyu hajali kama inawaka. Hajali tatu, hajali nane. Ananunua kwa kilo. Aliipiga teke moja, akataja bei ya baiskeli iliyotumika, na Injinia akasema sawa!

Baba akakumbusha sharti. Mama akamjibu kwamba sharti lilikuwa iwake, na haiwaki, sasa tufanyeje? Alisema kwa upole. Ndiyo maana iliuma.

Mnyororo ukafungwa.

“Ngojeni,” Baba akasema. “Itawaka.”

Akaingia ndani mbio, na magoti yale! Nilijua anakwenda wapi. Ningeweza kumzuia mlangoni. Sikumzuia. Nilitaka kuiona sura yake.

Nimeiona. Alitoka na kasha wazi mkononi. Akasema mbele ya watu wote kwamba yeye ndiye aliyeizima, alitoa kitu kidogo akakificha. Mtu wa lori akacheka. Baba hakuwaangalia. Alimwangalia Mama.

“Nilikiweka humu, mama watoto. Nina hakika nilikiweka humu.” Akalitikisa kasha. “Au sikukiweka? Basi si macho peke yake yanayoniacha.”

Nilikuwa na kejeli zangu tayari, nimezipanga tangu Jumapili. Zilinikaukia. Na ukweli nao ukagoma kutoka. Nikasema nakwenda chooni. Chooni!

Sasa nachungulia dirishani. Baba kachukua miwani chini ya kiti na kuivaa, hajali nani anamwona. Kapiga magoti kando ya trekta, anapapasa vumbi. Mama naye kapiga magoti. Mama! Anachambua mchanga kwa vidole kando ya mke mwenzake, anamwambia Baba atulie, kitaonekana tu. Mtu wa lori anapiga honi.

Kipande kipo hapa, nimekiweka juu ya ukurasa. Kimeacha doa la grisi.

Mama ananiita. Anataka nilete ufagio.