Nyumba ya Asubuhi

Jumatatu, 3 Machi

Sauti ile! Nimeinua simu ya ofisi, nikaijua papo hapo. Chifu! Yule mama, mkuu wetu wa wahudumu, enzi zangu za ndege. Amestaafu, anatafuta nyumba ya kununua. Sharti lake moja tu — kimya. Injini zimemharibia masikio, kelele kidogo kichwa kinampasuka.

Hakunijua. Kwake mimi ni dalali tu.

Mimi nimemjua. Siku niliyopata habari kwamba baba amefariki, nililia nyuma ya pazia, kwenye jiko la ndege. Abiria akaniona. Chifu akaandika ripoti: hana tabasamu, hafai. Tulipotua, kazi kwisha. Akanipa na mkono, eti nitapata nyingine!

Haya. Mungu si Athumani.

Jumanne, 4 Machi

Nyumba yake ninayo. Ile inayotazamana na karakana ya useremala. Ofisini tunaiita Nyumba ya Asubuhi. Asubuhi mafundi wako saiti, mtaa umetulia, unasikia ndege wakiimba. Wakishakula mchana wanawasha mashine ya kupasua mbao — mpaka magharibi. Meno yanauma! Kila nyumba ina saa yake ya kuonyeshwa, ndiyo kazi yetu. Hii imetushinda kwa sababu wateja hurudi mchana kupima mapazia kabla ya kusaini.

Chifu atasaini asubuhi hiyo hiyo. Niachieni mimi.

Dada kanisikia nikiimba bafuni, akauliza kama nimepata mchumba. Nikamweleza. Akaacha kucheka. Eti mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamjibu nikiingia nitaogelea, mabwawa ya hoteli za nusu dunia nimeyamaliza mimi! Hakucheka tena.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefagia, nimefuta vioo. Nikafungua sanduku langu la sabuni. Zote za hotelini, kila mji niliolala. Wenzangu walinunua viatu, mimi nilibeba sabuni. Sasa kila nyumba ninayoonyesha naweka moja bafuni. Mteja anavuta hewa, analainika. Leo nimeweka ya kijani, ya ule mji wa barafu tulikokwama. Inanukia kuliko zote.

Ijumaa, 7 Machi

Kesho! Suti nimepiga pasi. Nimelala mchana nikamwota Chifu kaziba masikio kwa mito miwili. Nimeamka nacheka. Raha!

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nimesimama, jikoni, humu humu kwenye Nyumba ya Asubuhi.

Chifu amechelewa. Gari lilimharibikia njiani, kafika jua limeshafika utosini. Amezeeka! Anatembea ameshika ukuta. Sebuleni akafumba macho. Kimya hiki, anasema, kimya hiki! Nikamharakisha. Akaingia bafuni, akakaa humo muda.

Akatoka na sabuni mkononi.

Akanitazama usoni, akaniita kwa jina langu. Eti nani mwingine alikuwa akizificha kwenye soksi? Mjinga mimi! Sabuni zote zile, nikachagua ya hoteli tuliyolala naye!

Nikajua ataondoka. Wapi! Akamshukuru Mungu. Madalali wawili wameshamdanganya, sasa kapata mtu wake. Wewe huwezi kunidanganya, mdogo wangu, anasema. Uso wako haujui kuficha, ndiyo maana siku ile ulilia.

Siku ile! Kwa hiyo anakumbuka. Nikangoja aseme neno kuhusu baba. Pole tu, neno moja. Nikangoja. Akageuka kusifu dari.

Kisha akauliza: niambie kweli, wewe mwenyewe ungeishi hapa?

Nikatabasamu. Lile lile alilotufundisha, meno ya juu, na macho yawemo. Akaniamini! Akasema basi, kalamu iko wapi. Pesa yake yote ya kustaafu inaingia humu, kasema mwenyewe. Na bado nina hasira, hasira kabisa.

Sasa yuko chumbani, anatafuta miwani asaini. Sogea mama, saini! Au usisaini. Sijui.

Ng'ambo mafundi wamemaliza kula. Wananawa. Mmoja anajifuta mdomo, anaenda kwenye mashine.

Nimefunga dirisha la jikoni. Nimefunga na la sebuleni. Chifu ananiita kutoka chumbani — acha wazi, mdogo wangu, nataka kusikia kimya chetu.