Vitabu Tisa Ulivyobakisha

Ndunge, rafiki yangu,

Watu huanza barua kwa kuuliza hali. Nimeliandika swali hilo mara tatu na mara tatu nimelifuta, kwa hiyo nianzie hapa.

Nakuandikia mchana, kwenye meza yangu ya ukarani hapa dispensari ya Kikima. Wagonjwa ni wachache, watu wako mashambani. Mama Syombua anakusalimu. Bado anashona, na chumba cha nyuma ya duka lake bado ni chetu kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Sanduku la vitabu liko palepale chini ya meza ya kukatia nguo, na lori la maktaba bado linapita kila mwisho wa muhula kuvibadilisha. Karatasi ya kaki bado inapigiliwa misumari nyuma ya mlango. Yaliyotokea kwenye karatasi hiyo, huku Mbooni kila mtu anayasimulia kwa njia yake. Nataka wewe uyasikie yalivyokuwa.

Januari ya mwaka jana sote wanne tulisimama mbele ya ile karatasi tukataja idadi ya vitabu ambavyo kila mmoja angesoma mwaka mzima. Mama Syombua alisema vitabu kumi, kwa sababu ya macho. Mwinjilisti Musau alisema kumi na viwili, vyote vya dini, nawe ukamwambia basi ahesabu nusu. Mimi nikasema ishirini. Wewe ukasema ishirini na vinne, viwili kila mwezi, ukajiandikia mwenyewe kwa ule mwandiko wako wa ubaoni, kila k ina mkia. Sheria ilikuwa moja tu: ukimaliza kitabu unaandika jina lake na maneno mawili matatu ya maoni, halafu unajitetea. Maoni yako tuliyajua kabla hujashika penseli. "Mwisho wa haraka." Sijui ni mwandishi gani angekuridhisha. Siku moja tulibishana juu ya mjane mmoja wa kitabuni, kama alikuwa na haki ya kuuza shamba, mpaka mteja wa Mama Syombua akauliza huyo mjane ni wa ukoo gani, aende kumpa pole. Ulicheka ukakaa chini.

Juni ukashikwa na homa siku ya Jumatatu, na Ijumaa... Sehemu hiyo bado siwezi kuiandika. Nitasema tu kwamba mimi ndiye niliyejaza fomu ya kuchukua mwili wako, hapahapa kwenye meza hii, na mimi ndiye niliyeshika kidole gumba cha Kioko wako nikakibonyeza kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Kila mtu alijua mume wa Mwalimu hajui kusoma. Mjenzi wa matangi ya maji, mikono kama mawe anayoyachonga, mtu wa maneno machache. Baadaye alikitazama kile kidole kana kwamba si chake.

Ulikuwa umefika kitabu cha kumi na tano. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kulifuta jina lako. Tuliliacha.

Jumamosi ya tatu ya Julai, Mama Syombua alisukuma mlango ili ukungu usiingie, na nyuma yake, kwenye mstari wako, kulikuwa na namba kumi na sita.

Jina la kitabu. Kisha: "Mwisho wa haraka." Kila k ina mkia.

Mama Syombua alivuta sanduku akalikalia. Musau alisoma mara mbili, akavua kofia, akaivaa tena. Mimi niligusa maandishi na weusi wa penseli ukanishika kwenye ncha ya kidole, bado mpya. Kitabu chenyewe kilikuwa kimojawapo cha vile kumi ulivyokuwa umeazima, vilivyobaki nyumbani kwako na ambavyo hatukuwa tumethubutu kuvidai. Nilitafuta mtu wa kumshuku. Kutwa watu huingia na kutoka pale dukani, huyu na suruali, yule na sare za shule. Lakini nani ana mwandiko wako?

Mwanzo wa Agosti ikatokea kumi na saba. "Mtoto hakusikilizwa." Halafu, wiki mbili baadaye, kumi na nane, na hiyo ndiyo iliyoninyima raha, kwa sababu kitabu hicho hakikuwa kwako. Kilikuwa kwangu. Nilikuwa nakisoma hapa dispensari kati ya mgonjwa na mgonjwa, nikikifungia kwenye droo kila nikitoka, na nilikuwa bado sijafika mwisho. Maneno yalikuwa mawili tu: "Mumbua atalia." Kuona jina langu pale, kwa mwandiko ule, niliondoka bila kuaga. Nikaja nikakimaliza nimesimama, hapa dirishani. Nililia.

Mwisho wa mwezi lori lilikuwa linakuja, kwa hiyo nilikuwa na sababu ya kupanda kwenu kudai vitabu. Unaijua ile njia wakati wa baridi. Saa tisa ya mchana, na ukungu umeshuka hata sioni migomba iliyo hatua tano kutoka kwangu. Kila jani linadondosha maji. Nilipofika kwenye kona ya chini ya nyumba yako, nilikusikia ukisoma.

Ndunge, sauti yako siwezi kuikosea. Ilikuwa nzito zaidi, kama inatoka ndani ya mtungi, lakini ilikuwa wewe. Ulivyonyamaza kidogo kabla mtu wa kitabuni hajazungumza. Ulivyokohoa kwenye sura mpya ukasema "tuendelee." Na ile r yako. Sisi wengine huku barabara tunaiita balabala na hatuoni haya, lakini wewe uliivingirisha r mpaka watoto wa darasa la kwanza wakaiogopa. Niliisikia ikivingirika ndani ya ukungu. Miguu yangu ilitaka kurudi Kikima. Sijui kwa nini haikurudi.

Mlango ulikuwa wazi. Kioko alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitabu magotini, kidole kikitembea chini ya mstari. Mbele yake kulikuwa na kigoda kingine, kitupu. Vikombe viwili vya chai: kimoja kimenywewa, kimoja kimejaa na kimeshika utando juu. Hakuinua uso. Akasema, sasa kwa sauti yake mwenyewe, "Karani, ngoja tumalize ukurasa."

Nilingoja. Wakamaliza.

Alinieleza kwa vipande, huku akitazama sakafu. Miaka mitatu ulimfundisha jikoni, mwanzoni kwa kipande cha mkaa, kisha kwa penseli. Alikuomba usimwambie mtu mpaka asome kitabu kizima, na hukumwambia mtu. Hata mimi. Nilikaa pale nikiwa na hofu na wivu kwa pamoja. Maisha yake yote hakuna mtu mwingine aliyemsomea kitabu, kwa hiyo alidhani kusoma ndiko huko: kunyamaza pale, kukohoa pale, r namna ile. Mwandiko wake ulikuwa wako kwa sababu hakuwa na mwingine wa kuiga. Nikamwuliza, basi mbona uliweka kidole gumba kwenye fomu?

"Siku ile sikujua hata herufi moja," akasema. "Zote zilinitoka."

Halafu akasema, "Mwalimu alitaja ishirini na nne. Hajawahi kutaja kitu akakiacha njiani."

Nikamwuliza juu ya kumi na nane. Alifikiri sana. "Kumi na sita niliandika. Kumi na saba niliandika, siku niliyopeleka suruali kushonwa. Tangu hapo sijashuka Kikima." Nikamwambia jina la kitabu na yale maneno. Akakitazama kile kigoda kitupu, si kwa hofu, ila kama mtu anayeuliza jambo dogo la nyumbani.

"Basi hicho amesoma mwenyewe," akasema, na akakihesabu.

Sijapata maelezo mengine mpaka leo. Ufunguo wa droo ni mmoja, na ninauvaa shingoni.

Niliapa kwamba sitamtaja. Nilimwachia vitabu, na mtu wa lori nikamwambia vitapatikana muhula ujao. Lakini sauti haifungiwi ndani ya nyumba. Kufikia Oktoba watoto walikuwa wameacha kupita njia yenu kwenda kuteka maji. Wanawake wa kwaya walikusikia wakitoka shambani, mchana kweupe, ukisema "tuendelee." Kioko alikuwa anakaribia kumaliza kitabu cha ishirini na mbili, na alikuwa amepunguza mwendo, ukurasa mmoja kwa siku, na alikuwa amekonda mpaka mkanda wa suruali umeongezwa tundu. Nilipompelekea isyo, yale mahindi ya kuchemsha uliyoyapenda yenye mbaazi nyingi, aliweka sahani kando. "Karani," akaniambia, "nikifika ishirini na nne, yeye atabaki kwa sababu gani?" Nilifunika sahani nikashuka.

Novemba Mwinjilisti Musau, Musau wetu huyuhuyu, akatangaza kanisani kwamba nyumba ile itaombewa na vitabu vitatolewa vichomwe. Nilimfuata nje nikamwomba aache. Akanitazama usoni. "Dada Mumbua, kama kuna kitu unajua, sema." Nikanyamaza. Sijivunii hilo. Nilidhani nalinda siri ya mtu, kumbe nilikuwa nimemwacha peke yake nayo.

Tulipanda watu kama ishirini, tukiimba. Tulipofika uani wimbo ulikatika bila mtu kuukata, kwa sababu ndani ulikuwa unasoma. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu aliketi kwenye nyasi zilizolowa. Musau aliita jina la Kioko mara tatu. Sauti ilifika mwisho wa aya ndipo ikanyamaza, na Kioko akatoka na kitabu mkononi.

Angeweza kuwaachia wakichukue. Wangemwombea, wangemhurumia, na siri yake ingebaki salama. Badala yake alikifungua palepale uani, akaweka kidole chini ya mstari, na akasoma. Alisoma kwa sauti yako mbele ya watu waliomjua tangu utotoni kwamba hajui hata a. Alikohoa. Akasema "tuendelee." Akasoma tena. Nilitazama midomo yake ikienda na bado masikio yangu yalikataa kuwa ni yake. Alipomaliza ukurasa akamkabidhi Musau kitabu.

"Mwalimu alinifundisha," akasema. "Hii ndiyo sauti niliyofundishwa nayo. Sina nyingine."

Musau alikishika kile kitabu muda mrefu, watu wakimtazama. Kisha akamrudishia, na akauliza, kwa sauti ya Jumamosi, si ile ya Jumapili, "Kinaishaje?"

"Bado sijafika," Kioko akasema.

Tukarudi. Hakuna aliyeimba kuteremka.

Cha ishirini na nne tulikisoma pamoja, Jumamosi ya mwisho ya Desemba, nyumbani kwako. Kioko mwenyewe ndiye aliyeomba. Kilikuwa kitabu chembamba, naye alikuwa amekiacha mwisho kwa makusudi. Tulipokezana. Musau husoma kama anahubiri, ungemkatiza mara tatu. Mama Syombua alikishika karibu na pua. Kioko alisoma sehemu kubwa, nawe ulikuwa humo, mpaka kukabaki ukurasa mmoja, akaninyooshea. "Soma wewe, Karani."

Nikasoma, kwa sauti hii yangu iliyozoea kuita wagonjwa. Nikalifikia neno la mwisho. Mlango ulikuwa wazi na nje hakukuwa na upepo. Mama Syombua anaapa kwamba kigoda kilisogea. Mimi sikukiona kikisogea. Nilichoona ni Kioko akikiinua kile kikombe cha pili, akakitazama, na akakinywa chote, chai baridi pamoja na utando wake. Kisha akaomba chakula.

Jumatatu yake alishuka Kikima, akaandika ishirini na nne mbele ya wateja wote. Mahali pa maoni aliacha wazi. Hatukumwuliza.

Jumamosi iliyopita tumepigilia karatasi mpya. Majina ni manne tena. Kioko alisimama akataja vitabu sita, akajiandikia, kisha akatusomea ukurasa wa kwanza wa kitabu alichokichagua mwenyewe kwenye sanduku. Nami nikajikuta nimefumba macho nikisubiri.

Alisoma kwa sauti yake, Ndunge. Nzito, yenye haraka, isiyonyamaza kabla ya mtu wa kitabuni kuzungumza. Neno gumu aliliruka kama mfereji. Alisema balabala. Mama Syombua alipiga makofi, na Musau akasema amina. Mimi nilitoka nje nikasimama nyuma ya duka, karibu na pipa la maji ya mvua, nikalia kuliko nilivyolia Juni. Miezi sita nilikuwa nakuogopa. Sikujua kwamba kukuogopa kulikuwa ni kuwa nawe.

Juni sikukuaga, nilijaza fomu. Nakuaga sasa. Kila Jumapili baada ya ibada nitapanda kwenu, ukungu uwepo usiwepo, nikae na Kioko mpaka amalize sura. Akikwama nitangoja. Akiuliza nitamjibu. Lakini r zake nitaziacha zilale anavyotaka yeye, na nakuahidi, hata mara moja sitamsahihisha.

Nenda salama, Mwalimu.

Rafiki yako,
Mumbua