Dawa ya Gari la Ilango

Ilango, jana jioni Ponni wa nyumba ya pili aliniambia kuwa hiyo dawa ya kung'arisha gari uliyolipia pesa zote zile ni nta ileile ya sokoni. Mkwewe aliwahi kufanya kazi kwenye duka hilo walikokupakia.

Idli zako, vile vikate vya mchele, ziko kwenye sufuria ya mvuke. Chatini uifunike.

Asubuhi nilikuomba umpeleke babu yako kutolewa mtoto wa jicho. Ukasema, "Bibi, dawa haijakauka, gari lisiguswe wiki nzima." Babu akakutania, "Basi na mimi nipakeni, daktari asiniguse." Hukucheka. Ukapanda pikipiki ukaenda zako.

Watu wa dukani walisema hakuna uchafu utakaoshika. Mimi nikainua turubai la gari, nikatia tone la manjano na mafuta pale nyuma, nikalifuta kwa upindo wa sari. Limeshika, mjukuu wangu. Usilisugue, kawaonyeshe.

Tunakwenda kwa bajaji. ~~Usitufuate.~~ Saa kumi uje kutuchukua hospitalini kwa gari, dawa ikauke isikauke. Babu atakuwa amefungwa jicho, na bajaji inarusharusha mno.

Bajaji yenyewe bado. Babu yako amesinzia hapa kizingitini, na viatu vyake miguuni.

Bibi yako