Rasta Chini ya Kilemba

Dada Wakesho mpenzi,

Besi ya ile reggae bado inanidunda kifuani. Jana nilikuwa uani nikiambua mbaazi na mchumba wangu Mutua na mamake, pikipiki ikapita ikipiga reggae kwa sauti ya juu. Mguu wangu ukaanza kufuata mdundo.

"Nyimbo za wavuta bangi," Mama akasema.

"Lakini Mama, nyingi ni Zaburi," Mutua akamjibu.

"Zaburi gani hiyo yenye moshi?"

Tulicheka sote, ila mimi nilicheka nimeshika kilemba. Siku ya nne leo nazificha rasta ulizonisokota, maana Mutua aliniomba Mama anizoee kwanza. Naogopa akiziona ataikataa ndoa. Naogopa zaidi kwamba Mama anazidi kumpenda msichana ambaye si mimi.

Mbaazi za Machakos ni tamu, na jua ni kali kama la kwetu Voi. Nibusie watoto, uniombee.

Mama na Mutua wamekwenda misa. Nimeosha nywele zangu kwa beseni la Mama, nami nimekaa kichwa wazi mbele ya lango, zikauke.

Mdogo wako,
Mghoi