Goti Moja Uani kwa Kina Pelenato

Savai'i, Jumatano

Kwa dada yangu mpenzi Moelagi,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo, na baridi ya Auckland haijawagandisha masikio. Sisi wazima, isipokuwa mguu wangu wa kushoto, na moyo wangu, ambao umechafuka vibaya.

Najua Mama alishakupigia simu kwamba pikapu ya Pelenato ilinikanyaga wiki mbili kabla ya uteuzi wa raga. Mimi, ambaye mabeki wa vijiji vitatu wakiniona walikuwa wanaomba ruhusa ya kwenda chooni. Siku ya pili baada ya kutoka hospitali, alfajiri, Pelenato na ukoo wake walikuja kupiga magoti uani kwetu kuomba msamaha, yeye mbele, amefunikwa mkeka wa heshima. Ndio wale wale tusiosalimiana nao tangu babu zetu wagombee mpaka wa shamba la majimbi. Baba akatoka, akamfunua mkeka, akamwambia inuka mwanangu, ingia tunywe kakao. Eti Mungu atatoa jema humu. Dada, mguu ni wa nani? Kuna aliyeniuliza?

Tangu hapo sina raha. Shangazi Sina akaniambia nishukuru haikuwa shingo. Nikamjibu shingo ingekuwa nafuu, nisingemsikia. Akanichapa kofi la kisogo. Na kibaya zaidi, jema lenyewe likaja kweli, bila aibu. Mama yake Pelenato analeta shelisheli kila jioni. Baba na baba yake wanalima pamoja pale pale mpakani, wanacheka kama wavulana. Pelenato ananibeba mgongoni kwenda kuoga, ananitania kwamba mchezaji hodari hanuki hivi. Kila akinibeba natamani kumng'ata.

Sasa kaa chini. Sikuwa natembea pembeni mwa barabara kama nilivyowaambia. Nilirukia nyuma ya pikapu ikiwa mwendoni, ili wasichana wa kwaya wanione, nikateleza ubavuni, gurudumu la nyuma likanipanda mguu. Uwongo wangu ndio uliompigisha Pelenato magoti, na juu ya uwongo huo Mungu wenu amejenga amani. Mungu gani anajenga kwa tofali bovu vile, tena bila kumwuliza mwenye tofali?

Juzi nikashindwa. Nilimwambia Pelenato akiwa amenibeba, asinione uso. Akasema anajua, aliniona kwenye kioo cha pembeni. Nikamfokea, kwa nini alinyamaza? Akasema kwa miaka mingi alikuwa anatafuta sababu ya kuja kwetu, hivyo akamwambia Mungu, hii hapa, itumie. Akaniomba na mimi ninyamaze, nisije nikabomoa. Hebu fikiria, mimi nisitirike kwa magoti ya mwenzangu, halafu niitwe mwanamume.

Leo asubuhi nimemwambia Baba. Akauliza kama wasichana waliniona, angalau. Nikasema walikuwa wanaangalia upande mwingine.

Kesho alfajiri ni zamu yetu kwenda kwao. Nitakuwa mbele, kwa goti moja, maana la pili halikunjiki. Mzee wao atanifunua mkeka, au atatuacha juani na ugomvi uanze upya. Mwombe huyo Mungu anayeniudhi, mzee atoke. Asipotoka, tafadhali usinipigie simu kuniambia kuna jema humo.

Mpe shemeji mkono wangu, wabusu watoto.

Ni mimi mdogo wako, mwenye hasira bado,
Lafaele