Magari ya Wazi Uliyoniulizia

Buyenzi, Avenyu ya 14,
Bujumbura.
21 Septemba 1997

Mpendwa mdogo wangu Ilias,

Asalaam aleikum. Natumaini barua hii itakukuta huko Dubai ukiwa mzima, na lile joto lenu halijakukausha. Kifua kimepona? Uliandika kwamba unakohoa, kisha ukaendelea na habari za magari kana kwamba kikohozi ni cha jirani. Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu. Mama anatembea, anakula kidogo, anagomba sana, kwa hiyo ujue ni mzima. Shemeji yako Yahaya mgongo unamsumbua, lakini garaji anaifungua kila asubuhi, hata kama hakuna cha kutengeneza.

Nimechelewa kukujibu, na sababu si posta peke yake.

Uliniuliza kama hapa Bujumbura bado kuna watu wanaotaka magari ya fahari ya paa la kufunuka, na kama maduka ya mjini yanayo. Ukasema umepata Mercedes mbili za aina hiyo, na nikikujibu kwamba wanunuzi wapo, utazileta mwenyewe hadi Kigoma, upenye nazo unavyojua, uingie kwa barabara ya Nyanza-Lac na Rumonge, kisha umwendeshe Houda wangu siku ya harusi yake, kama mjomba anavyopaswa. Nilimsomea Mama barua hiyo. Kesho yake akahamisha kuni zote kutoka kwenye kibanda cha uani, ili gari lako lipate pa kulala.

Sikufichi, nilitaka kukudanganya. Tangu vita vianze hatujakuona. Nilishika kalamu nikajiambia, mwandikie kwamba wanunuzi wanagombana, mradi aje. Halafu nikaona niende kwanza mjini kuulizia, labda uongo wangu ungekuwa kweli.

Basi nikaenda Rohero. Duka la kwanza limefungwa, wenyewe wameondoka. La pili wanauza matairi na betri, wakanitazama kama mtu aliyeulizia bei ya ndege. La tatu ni la Anselme, yule rafiki wa Yahaya anayeuza magari tangu zamani. Hapo nililikuta, moja tu, rangi ya maziwa, nyuma ya kioo, limejaa vumbi. Liliagizwa kabla ya vurugu za 1993, na aliyeliagiza hakuja kulichukua. Anselme hakusema yuko wapi, nami sikuuliza.

“Mama Houda,” akaniambia, “décapotable, hii gari ya paa ya kufunuka, iko. Mutu wa kuipanda ndiye hakuna.”

Amesema kweli. Wenye pesa siku hizi wanataka gari la juu, vioo vyeusi, milango mizito. Hakuna anayetaka kuonekana. Tangu majirani watufungie mipaka, petroli inauzwa kwa chupa kando ya njia, na ya bure ya kuzungukia mji haipo. Kule Kinama watu wanalala kwenye kuta zisizo na mabati. Kila mtu anatafuta paa, na wewe mdogo wangu unataka kuwauzia kukosa paa. Usinikasirikie, mfanyabiashara ni wewe.

Nilipotaka kutoka, Anselme akaniomba jambo. Kwa kuwa harusi ilikuwa karibu, atuazime lile gari bila malipo, aliendeshe mwenyewe, huenda mtu akaliona akalipenda. Harusi ilikuwa imewahishwa, maana wakwe waliharakisha. Siku hizi hakuna anayepanga shughuli ya mbali.

Houda alikataa. “Mama, mi naogopa. Muniweke mu gari ya baba, mufunge vioo.” Mama akasikia akiwa uani. “Mutoto wa nyumba hii anatoka wazi,” akasema, “watu wamuone.” Na unatujua. Mimi mjomba Twalibu aliniendesha wazi mpaka ziwani, mtandio ukapeperuka nikabaki nacheka. Mama mwenyewe alipelekwa juu ya lori la pamba. Kwetu bibi harusi aliyefichwa ni kama hajaolewa. Nikamwambia Houda akubali.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, ili wageni wawahi kurudi kwao kabla ya jua kuzama. Anselme alikuja amefunga tai. Paa lilifunuka vizuri. Tulipanga tuzunguke hadi Rohero, kisha turudi nyumbani kwa chakula. Houda alikaa nyuma na nguo yake nyeupe, Mama kando yake na kanga mpya, sisi tukafuata na gari la Yahaya na wengine nyuma yetu. Kwenye kizuizi, askari alitusalimia kwa adabu. Akasema, “Mupite, lakini musipige klaksoni wala ngoma. Watu wakisikia kelele watakimbia.” Tukasema heri. Tukaenda polepole, taa zimewashwa, bila sauti.

Ilias, tuliporudi Buyenzi watu walisimama. Mafundi cherehani waliacha mashine. Mzee Pierre wa makaa akavua kofia. Karibu na msikiti wanaume waliinua mikono, nikaona midomo yao inasoma dua. Nilidhani wanambariki mtoto, mpaka nilipozitazama nyuso zao.

Wewe umekaa mbali, kwa hiyo lazima nikueleze. Miaka hii, anayepita polepole mchana bila paa juu yake, akiwa na kitambaa cheupe, na watu nyuma yake kimya, anapelekwa makaburini juu ya pikapu. Tumezoea hivyo. Hawakutazama uso. Waliona cheupe wakasimama.

Houda alielewa kabla yangu. Aliinamisha kichwa akalia, wanja ukamchafua. Mama akaweka mkono mdomoni akapiga kigelegele, peke yake, kwa yale meno machache aliyobakiwa nayo. Daphrose jirani yetu alimjibu mara moja kutoka mlangoni kwake, kisha akajiziba mdomo kama aliyekosea. Wengine wakacheka kwa haya, wanaume wakashusha mikono. Tukafika. Chakula kililiwa, ndoa imefungwa vizuri, na Anouar mumewe ni kijana mpole. Lakini mimi sikula.

Wageni walipoondoka Mama aliniita. Alikuwa bado na kanga mpya. Nakuandikia alivyosema, nisipunguze.

“Andikia Ilias. Umwambie asikuye. Asikuye na gari, asikuye hata na miguu. Leo wamenisomea dua ya maiti nikiwa naona. Yeye sitaki wamusomee.”

Nilimwambia kwamba ulisema njia unaijua. Akaniuliza kama waliozikwa Rumonge walikuwa hawaijui.

Kwa hiyo jibu lako ni hilo. Gari lipo moja na limerudi nyuma ya kioo, paa limefungwa. Wa kulitaka hayupo. Ziuze zako huko huko, kwa watu wasioogopa kutazamwa. Mimi nilitaka uje, Ilias. Bado nataka. Lakini usije.

Msalimie sana wifi yangu Hayat na watoto, uwaambie shangazi yao anawaombea kila swala. Yahaya anakusalimia, anasema ujipake mafuta ya nyonyo kifuani. Anselme naye anakusalimia. Houda anasema kiti chako cha mjomba pale kwenye chakula hakikukaliwa na mtu siku ile.

Jana nilimkuta Mama uani anazirudisha kuni kibandani, mmojammoja. Nilitaka kumsaidia akanifukuza. Alifanya kazi hiyo mpaka adhuhuri, akazipanga vizuri hadi ukutani. Sasa pamejaa.

Mungu akuzunguke pande zote huko uliko, akufunike na juu pia.

Ni mimi dada yako nisiyeacha kukupenda,
Mwantum